Mama Safiya na Salamu za Ukutani

Wageni wakija Kisangani hupiga picha mbele ya nyumba yetu. Nasema "yetu" kwa mazoea tu. Mimi ni fundi wa redio na simu, nina meza na kiti chini ya baraza yake, na sijawahi kumiliki hata tofali lake moja. Ilijengwa na Mgriki mmoja wa zamani, hapa katikati ya mji, si mbali na mto: nguzo nene, matao, madirisha marefu ya mbao, na juu kabisa mwaka uliochongwa kwenye saruji, ambao siku hizi hausomeki kwa kinyesi cha ndege. Wageni husema mji wenu una historia. Huuliza Mgriki alikuwa nani, aliuza nini, aliondoka lini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuna nini uani, na uani ndiko walikolala watoto wawili.

Aliyewajua watoto hao kuliko sote ni Mama Safiya. Jina lake hasa ni Fatouma binti Feruzi, wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja na misafara ya biashara, wakaoa hapa, wakabaki. Lakini kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na mtoto akifa jina halirudishwi. Safiya alikufa akiwa na miaka tisa. Mama yake anaitikia jina hilo hadi leo, sokoni, msikitini na matangani, na mimi nimelitamka asubuhi na jioni bila kufikiri ninachosema.

Ukitaka kuujua mji huu usianzie kwenye matao. Anzia Mangobo alfajiri, ambako nyumba zimebanana na vichochoro ni matope, na kila mtu anatoka na kitu kichwani kwenda mjini kutafuta chakula cha siku. Mjini penyewe hakuna anayeishi, ukiondoa mapadri, walinzi na wenye pesa. Sisi wengine tunaingia alfajiri, tunauziana vitu baraza hadi baraza, kisha jioni tunarudi tulikotoka na kuwaachia popo yale matao mazuri. Mama Safiya alikuwa akija nyuma ya baiskeli ya toleka, teksi zetu za zamani ambazo vijana wa pikipiki wanazicheka, kwa sababu goti lake la kushoto halikunjiki na vijana hao hawana subira ya kumpandisha mtu. Alikuja amepakata karai la ndizi, na mwenye baiskeli alijua asimharakishe.

Alipika uani. Kinu na mchi wake vilikaa humo humo. Alichemsha ndizi, akazitwanga, akazifinyanga mabonge, na hiyo ndiyo lituma, tunayoila na samaki wa mchuzi saa za mchana. Nimeila lituma ya Mama Safiya tangu nikiwa na nywele, na sitaki kusikia habari za mpishi mwingine.

Lakini kabla ya kuwasha moto alikuwa na kazi nyingine. Mwisho wa ua kuna ukuta mrefu, na juu ya ukuta lilikuwepo tangi la maji la yule Mgriki. Chini ya tangi aliweka mawe madogo meupe kuzunguka kipande cha ardhi. Alisimama hapo, akajitandia kitambaa chake vizuri, akasema, "Assalaam aleikum, mama. Uliamuka?" Mabinti zetu tunawaita mama. Kisha akampa habari: umeme ulikatika tena, mvua iliingia jikoni, Khadija jirani, mtoto wake ameanza kutembea. Akimaliza alisema, "Bon, niende nitwange." Nilikuwa nikiyasikia haya kila asubuhi nikiwa mezani kwangu, maana mlango wa uani uko nyuma ya mgongo wangu. Mwanzoni yalinitia huzuni. Baadaye yakawa kama saa ya ukutani, usipoisikia ndipo unashtuka.

Juni ya mwaka elfu mbili majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita. Sitayasimulia ya majeshi, yana wasimulizi wao. Wakati huo mume wa Fatouma, Idrissa, alikuwa fundi cherehani hapa barazani na mlinzi wa nyumba, na waliishi chumba cha uani na binti yao huyo mmoja, hawajahamia Mangobo. Mabomu yalipoanza, mtu mmoja alikuwa akikimbia barabarani amemshika mtoto mkono. Alikuwa Hubert, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Yanonge, Mkatoliki, na mtoto ni binti yake Rosine. Idrissa hakuwahi kumwona mtu yule. Alifungua geti akamvuta ndani.

Wasichana wale walikuwa rika moja na walizoeana siku ile ile. Walilala mkeka mmoja chini ya kitanda. Siku iliyofuata mizinga ilinyamaza kidogo, na wote walikuwa na kiu, hivyo wasichana wakaenda kwenye tangi kuchota maji. Bomu liliangukia ukingoni mwa ua. Walikufa wote wawili pale pale. Fatouma, aliyekuwa mlangoni akiwaita warudi, aliingiwa na chuma gotini.

Yeye hakuyaona maziko. Alilala chumbani na homa, hajui mchana wala usiku, na alipopata fahamu Idrissa alikuwa amekaa kando yake, mikono ina udongo. Akamwambia: Safiya iko kwa ukuta, chini ya tangi. Rosine iko kwa muti ya mapera. Fatouma aliambiwa hayo mara moja, na hakuhitaji kuambiwa tena.

Vita vilipoisha, watu wengi waliozikwa mauani na njiani walifukuliwa wakapelekwa makaburini. Idrissa na Hubert walikataa wa kwao waguswe. Kila Juni Hubert alikuja kutoka Yanonge na mkungu wa ndizi na samaki, akapiga magoti chini ya mpera na kusali. Nilimwona miaka mingi. Kabla ya kwenda kwenye mpera alipitia kwanza ukutani, akaweka kiganja kwenye tofali, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Tulisema ni adabu ya watu wa mto. Idrissa naye kila Ijumaa alifagia chini ya mpera kwa mkono wake, na hakumruhusu mtu mwingine ashike ule ufagio. Tulisema huyu ni Mwislamu mwenye moyo. Sisi watu wa barazani tunajua kusema.

Idrissa alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Akiwa kitandani alimwomba mkewe kitu kimoja: ikiwa siku moja Safiya ataondolewa pale uani, alazwe karibu naye. Wakamzika kwenye makaburi ya Waislamu, na Mama Safiya akawaomba wenye makaburi waache upenyo ubavuni mwake. Upenyo ukaachwa. Ila yeye hakumwondoa mtoto. "Papy," aliniambia siku nilipomuuliza, "nikimupeleka kule, nitamusalimia siku gani? Kule iko mbali na muguu yangu." Basi akawa anaahirisha, mwaka hadi mwaka, na mimi sikuona haja ya kumbishia.

Mwaka jana nyumba ikauzwa.

Mnunuzi alitaka kubakiza uso wa mbele, matao na madirisha, kwa ajili ya hao hao wageni, na kujenga ghorofa uani kote. Sitamsema vibaya. Msimamizi wake wa ujenzi, kijana anayeitwa Yannick, alikuja kwa heshima, akamkalisha Mama Safiya, akamwambia Jumatatu wanamwaga zege la msingi, donc yeyote mwenye mtu wake uani amwondoe kabla. Akampa vibarua wawili na turubai ya kuzuia watu kuchungulia. Mama Safiya alimsikiliza hadi mwisho. Kisha aliinuka akaenda ukutani, na siku hiyo hatukula lituma.

Kitu alichotaka sasa kilikuwa kimoja tu, na alikitaka kwa roho yake yote: Safiya alale ubavuni mwa baba yake. Alimpigia Hubert simu, haikupatikana. Tukawatuma watu wa boti waendao Yanonge, tukawaambia mtafuteni Papa Rosine, maana yeye naye tunamwita hivyo, mwambieni aje haraka amchukue mtoto wake. Boti zikaenda. Alhamisi ikafika, Hubert hajaja.

Alhamisi asubuhi akaja Papa Djuma. Huyu ndiye anayeosha na kuzika maiti za Waislamu wa upande wetu wa Mangobo, amezika baba zetu na atatuzika sisi, na anajua hivyo. Ni mtu mwenye sauti ndogo na uhakika mkubwa. Alisoma dua, akakunja mikono ya kanzu, akawaonyesha vijana wake pa kuanzia, chini ya tangi, ndani ya mawe meupe. Mama Safiya alikaa kwenye kigoda karibu na kinu chake. Nilisimama nyuma yake, kwa sababu aliniomba nisimame.

Hawakuchimba sana. Papa Djuma alishuka mwenyewe, akafanya kazi kwa vidole. Kisha akaacha. Alikaa ndani ya shimo amechuchumaa, hadi nikaona shingo ya Mama Safiya inasimama.

"Mama Safiya," alisema, "huyu hapana wa kwetu."

Alieleza polepole, kama anavyoeleza kila kitu. Mwislamu hulazwa ubavu wa kulia, uso kuelekea Kibla, ambayo kwetu iko huku juu, upande wa mto Tshopo. Huyu alilazwa chali. Mikono imefumbatanishwa kifuani. Na katikati ya mikono, Papa Djuma aliinua kwa kijiti tukaona, palikuwa na shanga za rozari.

"Idrissa aliniambia ukuta," alisema Mama Safiya.

"Idrissa alikuwa mu mabomu, mama. Mutu anachanganyikiwa. Baba Mwislamu hawezi kumulaza mutoto wake hivi. Haiwezekani."

Alisema haiwezekani, na sisi sote tuliokuwa pale tulijua kwamba kweli haiwezekani. Nani angebisha? Mama Safiya alitazama mawe yake meupe, aliyoyaokota moja moja kutoka ukingo wa mto. Niliona uso wake unavyobadilika, nikageukia pembeni. Miaka yote ile, mvua na jua, alikuwa akimpa habari za nyumbani mtoto wa mtu mwingine.

Vijana wakarudisha udongo kwa adabu. Yule wa ukutani ni wa Hubert, na ni Hubert mwenye haki ya kumgusa. Kisha wakaenda kwenye mpera.

Chini ya mpera walimkuta mtoto amelala ubavu wa kulia, uso huku juu, upande wa Tshopo, kama inavyotakiwa. Nguo ilikuwa imeliwa na udongo karibu yote, lakini pembeni ya shingo palibaki kipande cha tarizi, uzi wa tetroni usiooza. Papa Djuma alimpa Mama Safiya kile kipande. Alikifuta kwa kidole kilicholowa mate, akakigeuza, akakitambua. Ilikuwa tarizi ya kanzu ya Idrissa, ile aliyoolea, aliyoishona mwenyewe hapa barazani. Tangu vita kanzu hiyo haikuonekana nyumbani, na alipouliza, Idrissa alisema iliungua.

"Ni yeye," alisema. "Alimufunga na kanzu yake." Ndipo alipolia, na sisi tulimwacha alie, maana tulidhani ni kilio cha mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Ijumaa baada ya swala tulimzika mtoto yule ubavuni mwa Idrissa. Watu walikuwa wengi. Matanga ya siku tatu yakawekwa Mangobo, na mimi nilifunga meza yangu nikaenda kukaa nao, kama ipasavyo. Kabla ya kuondoka mjini Mama Safiya alimwita Yannick, akamwomba kona ya ukuta iachwe hadi Papa Rosine afike. Yannick alisema, "Hakuna shida, mama. Kona tutaiacha." Na nadhani alimaanisha.

Jumatatu Yannick aliamka na malaria. Mtu mwingine alishika kazi yake, akaona wingu, akaogopa mvua itaharibu saruji iliyokwisha kuchanganywa, akamwaga ua mzima. Hakuna aliyemwambia habari ya kona. Sisi ambao tungemwambia tulikuwa Mangobo tunakunywa chai ya matanga.

Jumanne nilifika barazani mapema, na punde baadaye toleka ikamshusha Mama Safiya. Alikuja bila karai. Alisema hawezi kumwacha Rosine peke yake hadi baba yake aje, kwa sababu alimzoea. Alisema hivyo akitabasamu kidogo. Akapita mlangoni, nikasikia hatua zake zinasimama.

Ua wote ulikuwa kijivu, sawasawa, kutoka kizingitini hadi ukutani. Nondo zilisimama juu yake mahali pa nguzo. Tangi lilikuwa limeangushwa. Kinu na mchi vilikuwa vimesukumwa pembeni, juu ya rundo la mchanga.

"Papy, nitamuambia Papa Rosine nini?" aliniuliza. Aliuliza tena na tena. Aliwauliza vibarua, akamuuliza yule msimamizi mwingine, ambaye alivua kofia yake na kusema pardon, mama, sikujua. Nilimtafutia kiti, hakukaa. Nilikuwa na hasira na sikuwa na wa kumkasirikia.

Hubert alifika adhuhuri hiyo hiyo, kutoka gatini kwa miguu. Amezeeka, mgongo umepinda. Begani alikuwa na mkungu wa ndizi, na kwapani sanduku dogo la mbao, jipya, alilolichonga mwenyewe Yanonge baada ya kupata habari zetu. Mama Safiya alipomwona alipiga magoti pale pale barazani, na goti lile halikunjiki, sijui aliliweka vipi.

"Papa Rosine, unisamehe. Mutoto wako walimufunika na béton. Walituahidi. Sikukuwa hapa."

Hubert aliweka ndizi chini. Alimwinua, akatazama kupitia mlangoni, akaona ile kijivu. Hakulia. Alionekana kama mtu anayepiga hesabu kichwani na haimtokei.

"Walifunika wapi?" aliuliza.

"Kwa ukuta."

"Na kwa mapera?"

"Kwa mapera tulimutosha Safiya mu udongo. Tulimuzika karibu na baba yake. Alikuwa anaangalia Kibla, Papa Rosine. Na kanzu ya Idrissa."

Hubert alikaa juu ya sanduku lake. Alimwomba Mama Safiya akae naye, na safari hii alikaa, kwenye kiti changu. Kisha akasema, akitazama chini, na nitayaandika kama alivyoyasema.

"Mama Safiya, siku ile tulichimba mashimo mbili, miye na Idrissa. Yake kwa ukuta, yangu kwa mapera. Alors Idrissa aliingia mu shimo, nikamupa mutoto wake, akashindwa. Mikono ilikataa. Alimurudisha kwangu. Miye nikaingia mu shimo yangu, nikashindwa vilevile. Mabomu iko inapiga. Ndipo alisema, nipe wako, wewe chukua wangu. Donc miye nilimuzika Safiya, kwa ukuta. Yeye alimuzika Rosine, kwa mapera. Miye sikujua namna ya Waislamu. Nilimulaza namna tunalaza wa kwetu, nilimufunga mikono, nikamupa rozari yangu. Nilikuwa nayo ile tu. Na Idrissa alimulaza Rosine namna yake, akatoa kanzu yake akamufunga. Alisema, namufanyia wako namna ningemufanyia wangu."

Mama Safiya aligeukia mlango wa uani.

"Alinikataza kusema," Hubert aliendelea. "Alisikia aibu. Alisema, mama asijue baba alishindwa kumulaza mutoto wake. Lakini fasi ya kaburi alikuambia kweli. Ukuta ilikuwa kweli. Siku zote ulikuwa unamusalimia Safiya."

Alipomaliza, Mama Safiya aliinuka akaingia uani. Nilidhani anakwenda kusali. Alikwenda kwenye rundo la mchanga, akachukua mchi wake wa lituma, akachechemea juu ya zege hadi ukutani, akaanza kupiga. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliinua mchi kwa mikono miwili na kuushusha, kama anavyotwanga kila siku, ila chini hapakuwa na ndizi. Vibarua waliacha kazi. Zege halikupata hata mkwaruzo. Mchi ulipasuka kwa urefu, akaendelea na nusu iliyobaki, hadi Hubert alipomfikia na kuushika mkono wake, na yeye akamwachia.

Yannick aliitwa kutoka kitandani. Alikuja anatetemeka kwa homa, amejifunika koti, na aliposikia habari yote alifunika uso. Alimpigia simu mwenye nyumba mbele yetu. Mwenye nyumba alizungumza na Mama Safiya kwa upole, nilisikia, sauti ilikuwa wazi. Alisema anasikitika sana. Alisema nguzo ya kona itabeba ghorofa zote, na nondo zake zimeshikana na nyingine, haiwezi kuvunjwa bila kuvunja yote. Mama Safiya alisema ndiyo, baba, asante, akamrudishia Yannick simu. Kwa nini alimshukuru sijui. Ningekuwa mimi ningesema mengine.

Papa Djuma naye aliambiwa. Alikuja siku iliyofuata, akasimama ukingoni mwa zege, akasoma alichosoma kwa sauti yake ndogo, na safari hii sauti haikuwa na uhakika. Nilitaka kumtukana. Lakini alisoma alama kama alivyofundishwa na baba yake, na alama zilikuwa pale, nilizitazama kwa macho yangu na nikaamini pamoja naye. Alimwambia Hubert kwamba kama anataka, kaburi la ubavuni mwa Idrissa litafunguliwa, amchukue mtoto wake katika sanduku lake.

Hubert alifikiri siku nzima. Jioni alisema, "Idrissa alimulaza. Iko karibu naye. Nimutoshe nimupeleke kwa nani?" Akaliacha sanduku barazani kwangu na kurudi Yanonge. Mama yake Rosine alikufa zamani, na nadhani yule mzee aliona kwamba binti yake ana baba wa kumwangalia. Sanduku lipo hapa. Siweki kitu ndani yake.

Ghorofa limepanda. Chini ni duka la pikipiki, zimepangwa safu, zinang'aa, na ya mwisho, iliyo karibu na ukuta, imesimamishwa juu ya kona ile. Mlinzi wa duka anatoka mbali, hajui lolote. Mara ya kwanza Mama Safiya alipotaka kuingia kabla ya wateja alimzuia, mara ya pili pia. Siku hizi amejua kwamba yule mama hanunui wala haibi, lakini mlango bado hamfungulii, ana amri yake. Basi Mama Safiya husimama nje, hapa barazani, karibu na meza yangu, anageukia kioo cha duka. Anakuja kila siku, nyuma ya toleka ile ile, bila karai. Kupika ameacha. Mchi mwingine tulimnunulia, alisema asanteni, akaupa jirani yake Khadija.

Wiki iliyopita wageni walikuwepo, wanapiga picha matao. Alingoja waondoke. Alijitandia kitambaa vizuri, akasema "Assalaam aleikum, mama," kwa sauti kubwa kuliko ya zamani, kwa sababu ya kioo na pikipiki na umbali. Kisha akanigeukia.

"Papy, wewe ni mutu ya maradio. Sauti inapita mu béton?"

Nilikuwa na redio ya mtu imefunguliwa mbele yangu. Najua inavyopita na isivyopita. Nikamwambia inapita, mama, anasikia.

Aliitika kwa kichwa. Alitazama ndani tena, muda mrefu, hadi toleka ikapiga kengele.

"Ile siku tatu ya matanga," alisema, "sikukuja kumusalimia. Hakunizoea hivyo. Na ni siku ile walimufunika. Atakuwa alinidhania nini?"

Mwenye baiskeli alimshika mkono, akampandisha polepole, wakaenda.